Taarifa ya Hitilafu katika Maktaba za Programu Zenye Nyuzi Nyingi

Katika istilahi za kompyuta, uzi ni mfululizo mmoja wa amri unaotekelezwa ndani ya programu. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja, zikishiriki kumbukumbu ileile. Maktaba, nayo, hapa si nyumba ya vitabu, bali ni mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa, ambazo programu huziita kila zinapohitajiwa. Maktaba ikiitwa na ikashindwa kutimiza ilichoombwa, haina budi kumwarifu aliyeiita. Makala haya yaeleza namna taarifa hiyo iwezavyo kumfikia asiyehusika, na jinsi maktaba iwezavyo kutungwa ili jambo hilo lisitokee. Suala ni la mafundi, lakini sehemu yake kubwa ni ya lugha.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Milima ya Uluguru hupata mvua nyingi zaidi upande wa mashariki kuliko upande wa magharibi, na maji yake huingia katika mto Ruvu, ambao ni tegemeo kubwa la Dar es Salaam. Iwe kwamba programu moja mjini Morogoro hukusanya vipimo vya mvua kutoka Mgeta, Kinole na Matombo, kila kituo kikihudumiwa na uzi wake, na kwamba maktaba inayosoma vipimo hivyo ina mahali pamoja tu pa kuandikia namba ya hitilafu. Uzi wa Kinole washindwa kwa kuwa mawasiliano yamekatika. Maktaba yaandika 1. Kabla uzi huo haujaisoma namba hiyo, uzi wa Mgeta washindwa kwa kuwa faili la jana limeharibika, na maktaba yaandika 2 juu ya ile 1. Uzi wa Kinole sasa wasoma 2. Mhudumu ashughulika na faili la Kinole lisilo na dosari yoyote, hali mvua ya Kinole inanyesha bila kipimo chake kumfikia mtu. Tena hilo ni afadhali. Ikiwa maktaba hufuta namba kila inapofaulu, mafanikio ya uzi wa Matombo yataacha sifuri, na kituo kilichokatika kitahesabiwa kuwa kizima.

Mpango wa namna hiyo ulitumika kweli, na kwa miaka mingi. Katika mfumo wa Unix na lugha ya C, namba ya hitilafu iliwekwa katika kibadilika kimoja cha programu nzima kiitwacho errno. Programu zilipokuwa za uzi mmoja hapakuwa na ubaya. Kanuni za nyuzi za POSIX zilipotolewa mwaka 1995, ilibidi kila uzi upewe errno yake. Na kanuni ya C ya mwaka 2011, ambayo ndiyo ya kwanza katika lugha hiyo kuzungumzia nyuzi, ikathibitisha hivyo.

Wako wanaodhani kwamba kufuli ingetosha, yaani uzi mmoja tu uruhusiwe kugusa namba hiyo kwa wakati mmoja. La, haitoshi. Kufuli ya maktaba huzuia nyuzi mbili zisiandike pamoja, lakini hufunguliwa maktaba imalizapo kazi yake, na aliyeiita husoma namba baadaye. Katika mwanya huo ndimo namba ya mwingine huingia.

Kuupa kila uzi mahali pake ni dawa, ila si kamili. Uzi mmoja waweza kujiharibia wenyewe: kusoma faili kumeshindikana, programu yalifunga faili hilo, na kitendo cha kufunga nacho chaandika namba yake juu ya ile iliyotakiwa. Ndiyo maana fundi mwangalifu huinakili namba kwanza kabla ya kufanya usafi wowote. Kadhalika, siku hizi kazi moja yaweza kuanzwa na uzi huu na kumalizwa na uzi mwingine. Taarifa iliyoachwa kwa uzi wa kwanza haitaifuata.

Iliyo bora ni taarifa kurudi pamoja na jibu la mwito wenyewe. Kazi za nyuzi za POSIX hufanya hivyo: hazitegemei errno, bali hurudisha namba ya hitilafu kama thamani yake. Maktaba nyingine huifungamanisha taarifa na kitu kinachotumiwa. SQLite, mathalan, huiweka katika muunganisho wa hifadhidata. Lakini maelezo yake yenyewe yaonya kwamba nyuzi mbili zikitumia muunganisho mmoja, hitilafu ya pili yaweza kusomwa mahali pa ile ya kwanza, isipokuwa uzi umeushika muunganisho kwa kufuli tangu mwito hadi kusoma.

Hadi hapa ni namba tu. Maneno yana taabu zaidi. Kazi ya C iitwayo strerror, inayogeuza namba kuwa sentensi, hairuhusiwi kudhaniwa kuwa salama kwa nyuzi nyingi, kwa kuwa yaweza kuandika sentensi zake zote mahali pamoja. Na lugha ya sentensi hizo huchaguliwa kwa setlocale, ambayo hubadili lugha ya programu nzima: uzi mmoja ukitaka Kiswahili, aliyekuwa akihudumiwa kwa Kiingereza naye atapata Kiswahili. Ni toleo la POSIX la mwaka 2008 lililoingiza uselocale, ili kila uzi uchague lugha yake.

Jambo hili si la nadharia kwa Kiswahili, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili. Mtungaji wa maktaba aliyezoea Kiingereza huandika sentensi yenye pengo, kisha hutia jina la kitu katika pengo. Kiswahili hakikubali: kituo hakikupatikana, faili halikupatikana, simu haikupatikana, vipimo havikupatikana, mtumiaji hakupatikana. Maktaba haijui ngeli ya neno litakaloingia. Basi irudishe namba na jina la kitu vikiwa mbalimbali, na sentensi itungwe mwishoni, karibu na msomaji, ama kwa kila aina ya kitu sentensi yake nzima, ama kwa muundo usiotaka upatanisho: "Imeshindikana kusoma: kituo cha Kinole."

Kuhusu jina lenyewe, "hitilafu" lafaa kuliko "kosa". Kosa lina mkosaji, na mtumiaji alionapo kwenye kioo hujidhania kuwa ni yeye. Hitilafu humwelekeza kwenye chombo.