Karamu ya Harusi na Meza ya Bwana

Katika Warumi 12:2 Mtume Paulo anatuonya tusijifananishe na ulimwengu. Tukilisoma onyo hilo, mawazo yetu hukimbilia upesi mavazi ya vijana, muziki na simu. Twapenda kulielekeza mahali pasipotazamwa sana, yaani harusi zetu wenyewe, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo.

Siku hizi harusi ya Kikristo huanza kwa kamati, bajeti na kadi za michango. Ukumbi, mapambo, mshereheshaji, matarumbeta na sendofu, vyote vina bei. Desturi ya kuchangiana ni njema, kwani ni kuchukuliana mizigo (Wagalatia 6:2). Lakini mchango unapogeuka kuwa kipimo cha heshima, wasio nacho huahirisha ndoa. Wengine huanza kuishi pamoja na kuzaa, nasi twawatenga na Meza ya Bwana. Hapo twaweza kuadhibu umaskini tukidhani twaadhibu dhambi.

Bagamoyo ina la kutufundisha. Katika karne ya 19 misafara ilileta huko pembe za ndovu na watumwa. Binadamu naye alikuwa na bei. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mwaka 1868, waliwapokea waliokombolewa, na vijana walipooana walipewa makazi na shamba katika kijiji cha Kikristo. Kijiji hicho kilikuwa na amri kali, wala hatukisifu kwa kila jambo. Hata hivyo, watu wasio na ukoo wa kuwachangia walifunga ndoa.

Karamu yenyewe si dhambi. Bwana alihudhuria ile ya Kana (Yohana 2:1-11). Lakini katika 1 Wakorintho 11:20-22 Paulo anawakemea walioshiba kwa kuwaaibisha maskini. Luther naye, katika kitabu chake kidogo cha ndoa cha mwaka 1529, aliagiza matangazo, maafikiano ya wawili, Neno na maombi. Ukumbi haumo.

Basi, tuwaalike wasio na uwezo wafunge ndoa katika ibada ya Jumapili, na usharika uwaandalie chai. Kabla ya kumtenga mtu, sisi na wazee wa kanisa tumwulize ni nini kilichomzuia. Tukiketi meza kuu ya karamu huku tukiwafungia hao Meza ya Bwana, tutakuwa tumejifananisha na ulimwengu tungali tumevaa joho.