Wageni wa Uarabuni katika Fukwe za Msimbati

Jumamosi na Jumapili tulikuwa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tulifuatana na watoto wa madrasa, wakipokezana darubini moja.

Maji yalipokupwa tuliwaona sululu na yangeyange, na mdiria juu ya mikoko. Lakini aliyetuteka ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Hawa huzaliana katika visiwa na fukwe za Uarabuni, Omani ikiwamo. Jike hutaga yai moja tu ndani ya shimo la mchangani, na joto la mchanga husaidia kuliatamia.

Kando ya mmoja wao alisimama kinda wa kijivu, ameinamisha kichwa, anaomba. Naam, baada ya safari ya maelfu ya kilomita mzazi angali anamlisha mwanawe! Hapo darubini iligombewa.

Maji yakijaa, ndege hawa husongamana juu ya ulimi mwembamba wa mchanga. Mtoto anayewakurupusha kwa mchezo huwachosha bure, na huenda akamtenga kinda huyo na mlezi wake. Enyi wazazi mtakaokwenda pwani msimu huu, waketisheni wana wenu mbali nao, kimya. Wetu waliweza, hata yule mtundu tuliyemhofia, mpaka maji yakaanza kupwa tena.