Ini lenye mafuta: Mifupa inahusikaje?

Ndugu msomaji, watu wengi wakisikia fulani anaumwa ini, fikra zao huenda moja kwa moja kwenye ulevi. Ndiyo maana Muislamu ambaye hajawahi kuonja pombe, akiambiwa hospitali kuwa ini lake lina mafuta, huona haya kuwaeleza hata watu wa nyumbani kwake. Mwingine huificha karatasi ya vipimo na harudi tena kwa daktari. Hiyo ni hatari.

Ukweli ni kwamba pombe ni sababu mojawapo tu. Sababu nyingine kubwa ni unene, hasa wa tumbo, na ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1980 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa wasio walevi ambao maini yao yalionekana kama ya walevi. Mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha jina ugonjwa huu, ili ieleweke kuwa unahusiana na namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Mara nyingi hauna dalili. Ukiachwa, kwa baadhi ya watu ini huvimba, huota makovu na hata kupata saratani.

Sasa mifupa inaingiaje hapa? Tumezoea kuiona mifupa kama nguzo za kuubeba mwili tu. Lakini mfupa ni kiungo hai, huvunjwa na kujengwa upya maisha yote. Seli zinazoujenga hutoa protini iitwayo osteokalsini, na sehemu ya protini hiyo huingia katika damu.

Mwaka 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Gerard Karsenty, walieleza kuwa panya wasio na osteokalsini walikuwa na mafuta mengi mwilini, insulini pungufu na sukari ya juu katika damu. Mwili usipoitikia insulini vizuri, mafuta hujikusanya kwenye ini. Kwa hiyo watafiti wakageukia binadamu, na tafiti kadhaa zikaonyesha kuwa wenye mafuta kwenye ini wana kiwango kidogo cha osteokalsini kuliko wasio na tatizo hilo.

Je, hii ina maana kuwa upungufu wa protini hiyo ndio unaoleta ugonjwa? Hapana, hilo halijathibitika. Vitu viwili vikionekana pamoja, si lazima kimoja kiwe kimekizaa kingine. Huenda unene na kisukari ndivyo vinavyoathiri mfupa na ini kwa pamoja. Tena mwaka 2020, makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na jingine la Marekani, yalichunguza panya wengine wasio na osteokalsini na hayakukuta tatizo hilo la sukari.

Basi ndugu msomaji, usidanganyike ukiambiwa kuwa supu ya makongoro au vidonge vya unga wa mifupa vitasafisha ini. Protini unayoila huvunjwavunjwa tumboni kama nyama nyingine yoyote. Na supu yenye mafuta mengi humwongezea mzigo mwenye uzito uliozidi.

Linalojulikana kusaidia ni kupunguza uzito. Ukipunguza asilimia 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Asilimia 7 hadi 10 husaidia pia uvimbe wa ini. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 5 ni kilo 4 na nusu tu. Punguza soda, juisi za sukari na vya kukaanga, na wakati wa Ramadhani uangalie sana meza ya futari. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki. Hapo mifupa na ini vyote hunufaika, kwani mfupa huimarika kwa kubebeshwa uzito wa mwili.

Ukiwa na kisukari au tumbo kubwa, muulize daktari kuhusu ini lako, na akupime pia homa ya ini aina ya B na C. Na ukiambiwa ini lina mafuta, waeleze watu wa nyumbani kwako. Anayepika chakula chako hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.