Swichi Zinazosimamiwa na Kazi Zake katika Vituo vya Data

Kwa watu wengi neno "swichi" humaanisha kile kitufe cha ukutani cha kuwashia taa. Katika taaluma ya kompyuta, swichi ni kifaa chenye matundu mengi ya kuchomekea nyaya, kinachopokea data kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu jingine linalostahili. Mkulima wa Masakta, wilayani Hanang, anapolipwa fedha za mahindi yake kwa simu, taarifa za malipo hayo hupita kwenye mnara, kisha husafiri hadi kituo cha data kilicho mbali sana na Mlima Hanang. Humo hupita katika swichi kadhaa kabla ya salio lake kubadilika. Swichi moja ikikwama, huenda mkulima na mnunuzi wakabaki wakitazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ni mwongo.

Kila kifaa cha mtandao wa Etheneti kina anwani ya biti 48. Data husafiri katika mafungu yaitwayo fremu, na kila fremu hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Swichi husoma anwani ya mtumaji na kuiandika katika jedwali pamoja na namba ya tundu ilikotokea. Isipomjua mpokeaji, hupeleka nakala ya fremu kwenye matundu yote mengine. Hata swichi ya bei ndogo hufanya hayo.

Swichi inayosimamiwa hutofautiana kwa kuwa fundi anaweza kuipa maagizo na kuiuliza maswali. Umuhimu wa jambo hilo huonekana mtandao unapopata kitanzi. Tuseme swichi mbili zimeunganishwa kwa nyaya mbili, ili waya mmoja ukikatika wa pili uendelee. Kusudi ni jema, lakini fremu ya tangazo, yaani iliyoelekezwa kwa vifaa vyote, itapita waya wa kwanza, itarudi kwa wa pili, na haitakoma, maana fremu ya Etheneti haina kihesabio cha kuiua baada ya safari nyingi. Wanafunzi wanaweza kukadiria ukubwa wa balaa hilo. Fremu ndogo kabisa ina baiti 64. Tukiongeza baiti 20 za utangulizi na nafasi baina ya fremu, tunapata biti 672. Waya wa biti bilioni moja kwa sekunde unaweza kupitisha fremu kama hizo 1,488,000 hivi kila sekunde. Hiyo ndiyo tufani ya matangazo, na katika tufani hiyo fremu ya malipo haipati nafasi.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani. Swichi hupelekeana ujumbe mfupi, huchagua mojawapo kuwa shina, kisha hufunga njia za ziada mpaka mtandao ubaki na umbo la mti, usio na kitanzi. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa hufunguliwa. Utaratibu wa awali ulichukua sekunde 30 hadi 50, muda mrefu mno kwa benki. Taratibu za baadaye ni za kasi zaidi.

Sifa nyingine ni kugawa swichi moja katika mitandao pepe mingi, iitwayo kwa kifupi VLAN. Fremu hupewa lebo yenye namba ya biti 12, hivyo kuna namba 4,096, na mbili kati yake hazitumiki. Kwa njia hiyo, data za hospitali na za duka zaweza kupita katika waya uleule bila kuchanganyika.

Mfano mzuri ni Dar es Salaam, kwenye kituo cha kubadilishana data kiitwacho TIX. Kabla ya vituo vya namna hiyo, barua-pepe baina ya kampuni mbili za jijini iliweza kwenda hadi ng'ambo kwa setilaiti na kurudi. Katika kituo, wanachama huunganishwa kwenye swichi za pamoja. Hatari ni dhahiri: kosa la mmoja laweza kuwaangusha wote. Kwa hiyo desturi ya vituo hivyo ni kuiagiza swichi ikubali anwani moja tu kwa kila tundu na kuzikataa nyingine. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania iliathirika sana; lakini data inayoanzia na kuishia nchini haina haja ya kupita baharini, mradi swichi za nchini ni nzima.

Je, shule inahitaji swichi ya namna hii? Kwa chumba cha kompyuta 20, la. Fedha hizo zingefaa zaidi kununulia betri. Tena swichi inayosimamiwa ambayo nywila yake ya kiwandani haikubadilishwa ni mbaya kuliko ya kawaida, kwani mgeni yeyote akiifikia anaweza kuiamuru. Mwalimu mwenye swichi ya kawaida anaweza kuionyesha tufani darasani: achomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyohiyo, na wanafunzi watazame taa zake zikimetameta kwa pamoja. Kwanza, hata hivyo, aichomoe swichi hiyo kutoka mtandao wa ofisi ya mkuu wa shule.