Injini Ikianza Kugonga Kabla ya Makutano

Kati ya Bunda na Musoma kuna barabara ya lami, na Toyota Probox nyingi huikimbia zikiwa zimesheheni abiria ndani na magunia ya dagaa nyuma. Injini ya 1NZ-FE, yenye sentimita za ujazo 1,497, ndiyo iliyofungwa kwenye Probox, IST na Raum nyingi. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Kinachozuia chuma kisigonge chuma kati ya konrodi na krenki ni utando wa oili ndani ya beringi, ambao nafasi yake ni sehemu chache tu kati ya mia za milimita. Utando huo ukikatika, mlio wa ko-ko-ko huanza, na dereva aliye Kiabakari, kwenye barabara hiyo, anajishauri kama asimame au alazimishe hadi njia panda ya Makutano.

Asimame, na azime injini hapo hapo.

Hata hivyo, injini kugonga kuna namna nyingi, na fundi anayefungua mashine kabla ya kusikiliza humtia mwenye gari hasara. Kuna mlio mwembamba na mkavu unaosikika gari likipanda mlima na mzigo, dereva akikanyaga mafuta kwenye gia kubwa, halafu ukatoweka akipunguza. Huo ni mlio wa petroli. Mchanganyiko wa hewa na mafuta unapaswa kuungua kwa mpangilio, moto ukianzia kwenye plagi. Petroli ikiwa dhaifu, au injini ikiwa imepata joto kupita kiasi, sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe na kuipiga pistoni kwa kishindo. Mafuta ya taa hulipuka hivyo kwa urahisi mno, ndiyo maana petroli iliyochakachuliwa huifanya injini nzima ilie. Uchakachuaji huo ulienea nchini kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yabainike kwa vipimo.

Kwa mlio wa namna hiyo, beringi haziguswi kwanza. Mwenye gari ajaze mafuta kituo kingine, kisha fundi akague plagi, radieta na feni, na masizi ndani ya silinda. Gari la kisasa lina kihisi kinachosikiliza mlio huu na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Kompyuta ikitoa msimbo wa hitilafu P0325, kihisi hicho au waya wake una tatizo.

Milio mingine haitoki ndani ya injini kabisa. Gari linalogonga kwenye mashimo tu na kunyamaza likiwa limesimama linanguruma, lina ugonjwa wa chini: bushi, boli joiti au shoksi. Maunting iliyokatika hugonga dereva anapoingiza gia. Kwenye gari la otomatiki, sahani inayounganisha injini na giaboksi ikipasuka au boliti zake zikilegea, hutoa mlio unaofanana mno na wa konrodi. Inauma kuona injini nzima imeshushwa na kufumuliwa, kumbe boliti ndizo zilizohitaji kukazwa.

Mlio wa konrodi ni mzito, hutoka chini, na huongezeka injini ikipata moto na oili ikawa nyepesi. Kipimo chake ni rahisi: injini ikiwa inanguruma, fundi hukata umeme wa koili moja moja. Akifika kwenye silinda mbovu, mlio hupungua au hubadilika, kwa sababu konrodi hiyo haisukumwi tena na mlipuko. Kisha hupima presha ya oili kwa geji, humwaga oili, na kuitazama juani. Chembe zinazometameta, hasa zenye rangi ya shaba, ni beringi iliyokwisha kulika.

Kwa magari ya wilaya ya Butiama kuna chanzo kimoja kinachosahaulika. Njia za vijijini zina mawe, na jiwe likiikunja sampu ya oili kwa ndani bila kuitoboa, oili haivuji, stiki inaonyesha imejaa, lakini chujio la pampu limebanwa na bati. Pampu hufyonza kwa shida na beringi hukauka polepole. Aliyewahi kupiga jiwe Buhemba akasikia mlio wiki kadhaa baadaye, amwambie fundi habari hiyo bila kuulizwa.

Baadhi ya gereji hunyamazisha mlio kwa kumimina oili nzito mahali pa oili nyepesi ya 5W-30. Kelele hupungua kwa muda, huku beringi ikiendelea kuliwa, na mnunuzi wa gari hilo ndiye anayeumia. Anayenunua gari la mkononi aliwashe asubuhi likiwa baridi, kisha alisikilize tena likishapata moto.

Dereva aliyezima mapema huenda akahitaji beringi mpya tu, iwapo krenki itapimwa kwa maikromita na kuonekana haijachubuka. Iliyochubuka husagwa na kufungiwa beringi nene zaidi, za krenki iliyopunguzwa kipenyo kwa milimita 0.25 au 0.50. Aliyelazimisha safari anaweza kukuta konrodi imekatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kusaga. Kabla ya kufunga, sampu inyooshwe, chujio lisafishwe, na njia za oili ndani ya krenki zipulizwe hadi ziwe safi, maana chembe moja iliyobaki humo itachuna beringi mpya siku hiyo hiyo injini inapowashwa.