Kaa Mpaka Kamba Ifungwe

(Somo la radio kwa madarasa ya watu wazima. Kiongozi wa darasa aweke tayari karai la maji, bakuli dogo la bati na mawe madogo sita.)

Leo tutazungumza juu ya mitumbwi na mashua, na hasa juu ya jambo moja: namna chombo kinavyofika ukingoni na kufungwa.

Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Mnasema, "Mwalimu huyu amepotea njia. Sisi ni watu wa mlimani. Mito yetu ni mawe na maporomoko. Nani amepata kuona mtumbwi katika Mto Karanga?" Ni kweli. Lakini nisikilizeni kidogo.

Maji yanayopita katika mfongo wako hayaishii kwenye migomba. Yanayobaki hurudi mtoni. Maji ya Karanga na Weruweru hushuka mpaka Mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya mji wa Moshi. Mto Ruvu, unaotoka Ziwa Jipe, nao huingia humo humo. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1960, na mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1968. Kutoka hapo maji huendelea kwa Mto Pangani mpaka baharini.

Basi nchi iliyokuwa kavu ikawa ziwa. Wavuvi walikuja, vijiji vikaota kando yake, na perege wa huko wakaanza kuuzwa masokoni. Vijana wetu huenda huko kutafuta samaki wa kuuza. Wengine huenda mbali zaidi, Mwanza, Ukerewe au Kigoma, kwa kazi na biashara. Mtu aliyekulia kwenye mteremko anajua kushika njia yenye utelezi. Mtumbwi haujui.

Mimi mwenyewe yalinipata. Siku yangu ya kwanza kupanda mtumbwi pale bwawani, nilikaa kimya njia nzima kwa hofu. Tulipokaribia ukingo hofu ikaniisha, nikasimama kuchukua mkoba wangu. Mara mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia, na mzee mwenye mtumbwi akapiga kelele, "Mwalimu, kaa! Bado hatujafika!" Nikakaa, nguo zimelowa. Nilikuwa nimeona nchi kavu karibu, nikadhani safari imekwisha. Kumbe sehemu iliyohitaji uangalifu ndiyo ilikuwa inaanza.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Hebu tujaribu. Kiongozi wa darasa, weka bakuli juu ya maji katika karai. Tia mawe matatu katikati. Bakuli linaelea vizuri, sivyo? Sasa ongeza mawe mengine matatu, pole pole. Bakuli limezama zaidi, na mdomo wake umekaribia maji, lakini bado linaelea. Haya, sasa yasogeze mawe yote upande mmoja. Mmeona? Uzito haukuongezeka hata kidogo. Mawe ni yale yale sita, lakini bakuli limelala upande, na maji yanaingia.

Mawe hayo ndiyo sisi abiria. Chombo kinapofika, kila mtu hutaka kushuka kwanza. Watu huinuka pamoja na kusogea upande wa nchi kavu. Akisimama mtu, uzito wake hupanda juu, na chombo huyumba upesi. Mama anayebeba mkungu wa ndizi kichwani anajua jambo hili: mzigo ulio juu ukianza kuinama, ni kazi kuurudisha.

Nchi yetu imelipa gharama kubwa kwa somo hili. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, katika kisiwa cha Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wanarudi kwao na bidhaa zao. Kivuko kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, watu waliokuwa nchi kavu wakitazama. Waliokufa walikuwa 228. Mtaona ya kuwa waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa. Ilielezwa ya kuwa abiria walikuwa wamesogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa. Bakuli lilikuwa limejaa, na mawe yakasogea.

Sasa tuangalie namna ya kufunga chombo. Mbele ya chombo huitwa omo, na nyuma huitwa tezi. Mashua ikifungwa kamba ya omo tu, tezi hubaki huru na kusukumwa na upepo huku na huku. Kwa hiyo inapolazwa ubavu kwenye gati hufungwa kamba mbili, moja ya omo na moja ya tezi. Mtumbwi mdogo huvutwa omo yake juu ya mchanga, kisha hufungwa kwenye kigingi au mti imara.

Chombo kisichofungwa hukimbia mguu wako. Ukikanyaga nchi kavu kwa mguu mmoja, mguu mwingine hukisukuma chombo nyuma. Nafasi hupanuka, nawe unaangukia katikati. Na penye mamba, kama pale Nyumba ya Mungu, maji ya ukingoni si mahali pa kuanguka.

Tena, bwawa lina tabia yake. Wakati wa kiangazi maji hupungua, na ukingo hurudi nyuma. Kigingi cha masika hubaki peke yake nchi kavu, na visiki vilivyofichwa na maji hujitokeza au hukaribia juu. Kwa hiyo mvuvi huchagua upya mahali pa kufunga kila majira yanapobadilika. Anatafuta mahali pasipo mawe na visiki, pakingwapo upepo, kwa sababu mawimbi yakigonga mtumbwi kwenye mawe usiku kucha, asubuhi atakuta umepasuka.

Tukumbuke basi mambo manne. Kwanza, hesabu watu kabla ya kupanda. Chombo kikijaa, ngoja kingine, hata kama soko litakupita. Pili, vaa jaketi la kuokolea tangu mwanzo, usilikalie. Tatu, mizigo iwekwe chini na katikati. Nne, kaa mpaka kamba ifungwe, kisha mshuke mmoja mmoja.

Msione haya kumwambia mwenzenu, hata akiwa mkubwa kwenu, "Shikamoo mzee, tafadhali tukae kwanza." Heshima haipungui kwa neno hilo.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Maji ya mfongo wenu hupita mito gani kabla ya kufika Nyumba ya Mungu?

2. Kwa nini bakuli lililala upande ijapokuwa mawe hayakuongezwa?

3. Mwanao anasafiri kwenda Ukerewe. Mwandikie barua ya mistari mitano, umweleze afanye nini chombo kinapofika gatini.

Barua hizo zisomwe kwa sauti darasani, kisha mwenye mtoto safarini aipeleke yake posta. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.