Noti kuukuu za nyanya si milioni za TikTok

Umefungua sanduku la nyanya pale Bombolulu kumtafutia kitambulisho, chini ya leso ukakuta noti za elfu moja zenye sura ya Mzee Kenyatta. Kichwani zinakujia zile video za TikTok: eti kuna jamaa ananunua pesa kuukuu kwa mamilioni. Tulia kwanza.

Katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu kwenye pesa zetu, na noti mpya zikaja 2019. Elfu moja ya zamani ikafa Septemba 30 mwaka huo. Aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alisema noti zaidi ya milioni saba hazikurudishwa. Kitu kilichobaki kwa milioni si adimu, na benki haikubadilishii tena. Zile za 50, 100, 200 na 500 ndio kabisa, ziliachwa ziendelee kutumika. Nunua mahamri.

Wakusanyaji wanatafuta kingine. Benki Kuu ilitoa noti zake za kwanza Septemba 14, 1966, zimeandikwa 'Banki Kuu ya Kenya' (ndiyo, Banki). Tazama sahihi. Gavana wa kwanza, Leon Baranski, alikaa hadi 1967 tu, kisha Duncan Ndegwa akashika usukani hadi 1982. Noti mbili zafanana, sahihi mbalimbali, na bei pia yaweza kuwa mbalimbali. Nyuma zaidi kuna rupia za 1905 za serikali ya kikoloni, zenye neno Mombasa juu yake. Ukiwa na hiyo, hapo tuzungumze.

Ila hali ya noti ndiyo inayoua au kuponya bei. Mkunjo mmoja katikati tayari ni hasara. Usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu, na tafadhali usiipeleke saiba ikalaminishwe! Itie kwenye bahasha safi, mbali na unyevu wa huku kwetu Pwani.

Kisha kuna 'mnunuzi' wa WhatsApp anayetaka umtumie kwanza ada ya usajili kwa M-Pesa ndipo akurushie milioni yako. Huyo kweli anakusanya pesa, lakini ni hizi mpya zilizo kwenye simu yako. Mnunuzi wa kweli ndiye anayekulipa, na huomba picha za pande zote mbili kabla ya kutaja bei.

Ukitaka kujua thamani, ingia eBay uchuje zilizouzwa tayari. Bei ya tangazo mtu hujiandikia tu.